Fundi wa Seva Anajibu: Orodha Zikiwa Mbili, Moja Inadanganya

Barua za safari hii zimetoka hapa hapa Mombasa, kuanzia Moi Avenue hadi Mtwapa, na karibu zote zina kilio kimoja: ofisi ina programu ya kusanidi seva, ina nyingine ya kuzifuatilia, na kila moja inaishi kivyake. Nimezifupisha, na majina ya watu na ya kampuni nimeyaacha. Wale walioniandikia kuhusu printa, samahani. Printa nilishaapa sijibu tena.

SWALI: Shikamoo mzee. Niko kampuni ya uwakala wa forodha, Moi Avenue. Seva zetu tunazisanidi kwa Ansible na kuzifuatilia kwa Prometheus. Mwezi uliopita seva inayotuma hati za makontena ilijaa diski usiku, ikanyamaza. Asubuhi malori yamejipanga Changamwe, madereva wanatutukana kwa simu, na skrini yetu ya ufuatiliaji ni kijani tupu. Kumbe seva ile hatukuwahi kuiingiza kwenye Prometheus. Bosi anataka tuwe na fomu ya kutia sahihi kila seva mpya inapoingia. Itasaidia? – *Msimamizi wa mifumo, Moi Avenue*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa matusi. Dereva wa trela aliyelala Changamwe bila hati ana msamiati ambao hata sisi wa Mji wa Kale hatuna.

Fomu haitasaidia. Itajazwa na mtu yule yule aliyesahau Prometheus, tena atajaza Ijumaa jioni huku anakimbilia feri. Shida yenu ni kwamba mna orodha mbili za seva: moja iko Ansible, nyingine mmeiandika kwa mkono ndani ya Prometheus. Mwenye duka wa Biashara Street akiweka madaftari mawili ya madeni, lake na la mwanawe, siku ya kudai ni wateja ndio watakaochagua daftari la kufuata.

Basi futeni orodha moja. Ansible haiwezi kugusa mashine isiyokuwa kwenye orodha yake, kwa hiyo kila seva iliyosanidiwa ipasavyo imo humo. Hiyo ndiyo iwe mama, na ya Prometheus izaliwe kutoka kwake. Kwenye zile kazi za msingi ambazo Ansible huzifanya kwa kila seva, pale mnapoweka saa, watumiaji na funguo za SSH, ongezeni hizi: iweke node_exporter, programu ndogo inayoipa Prometheus vipimo vya seva, iiwashe, na ifungue poti 9100 kwa anwani ya seva ya ufuatiliaji peke yake. Kisha kwenye seva ya Prometheus wekeni kiolezo kinachopita orodha nzima na kuandika faili la YAML ndani ya /etc/prometheus/targets, na kwenye usanidi wa Prometheus mtumie file_sd_configs kuielekeza huko. Prometheus huliangalia faili hilo, na likibadilika hulisoma bila kuwashwa upya. Hata faili likitoka bovu, itaendelea na orodha ya zamani badala ya kubaki kipofu.

Hadi hapa ni kazi ya nusu siku. Sasa nikuonyeshe mahali watu wanapoumia.

Kiolezo kipite groups['all'], yaani orodha nzima, kisipite ansible_play_hosts. Zinafanana, na siku ya kwanza zitakupa jibu moja. Lakini hiyo ya pili ni orodha ya mashine zilizo hai katika mzunguko unaoendelea. Seva iliyoshindikana kufikiwa hutolewa humo papo hapo. Hebu fikiria: seva imekufa, king'ora kinalia. Ansible inapita, inaikosa, inaandika orodha mpya ya Prometheus bila jina lake, na king'ora kinanyamaza. Mfuatiliaji amemsahau maiti kwa sababu ni maiti. Nimeyaona haya ofisini kwa watu, na walikuwa wakisifu kwamba tatizo limeondoka lenyewe.

La pili ni anwani. Ya kila seva iandikeni kwenye orodha yenyewe. Msitegemee ile ambayo Ansible huigundua ikishaingia ndani ya mashine. Siku mtakayotumia --limit ili kurekebisha seva moja tu, zile nyingine zitakuwa hazijaulizwa, na kiolezo kitavunjika.

Halafu kuna vitu ambavyo Ansible yenu haivisanidi kabisa: swichi, kamera, na ile kompyuta ya Windows ya mhasibu ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Viingizeni kwenye orodha ile ile, katika kundi lao, na kazi za usanidi ziambiwe ziliruke kundi hilo. Ping, ya kuuliza tu kama kifaa kinajibu, inavitosha kwa kuanzia.

Bado itabaki mashine ambayo haimo popote, ile aliyoikodi mtu wa masoko bila kuwaambia. Kwa hiyo naamini njia moja tu: kila mwisho wa mwezi ilinganisheni ankara ya kampuni mnakokodi seva na orodha ya Ansible. Ankara haisahau mashine hata moja. Kwa zilizo ofisini, tazameni kwenye swichi ni anwani gani za kadi za mtandao zinazoonekana na hazina mwenyewe.

Mkimaliza, fanyeni jaribio. Ongezeni seva mpya kwenye orodha, endesheni Ansible, msiguse kitu kingine. Ikitokea kwenye Prometheus na up yake ni 1, yaani inajibu, izimeni node_exporter kwa makusudi muone kama simu ya mwenye zamu inalia. Kwangu mimi seva ambayo king'ora chake hakijasikika hata mara moja bado haijapokelewa. Hiyo ndiyo sahihi ya kumpelekea bosi.

SWALI: Assalaam aleikum mzee. Nasimamia mifumo ya hoteli, Nyali. Kijana wetu wa zamu ya usiku, hodari kweli, tatizo likitokea hubadilisha mipangilio kwa mkono, mambo yakaenda. Hamwambii mtu. Ansible ikipita siku nyingine inafuta dawa yake na shida inarudi pale pale, tena saa nane usiku mgeni akiwa amesimama mapokezi. Nimnyang'anye ruhusa ya root, ile ya kufanya lolote kwenye seva? – *Dada wa mifumo, Nyali*

JIBU: Waaleikum salaam dada. Usimnyang'anye. Ukimnyang'anya, saa nane hiyo hiyo atakupigia wewe, na mgeni bado amesimama.

Jinsi seva ilivyo na jinsi Ansible inavyotaka iwe, tofauti hiyo ifanye kuwa kitu kinachopimwa na kuchorwa, sawa na nafasi ya diski. Kila alfajiri endesha Ansible kwa --check pamoja na --diff. Hapo haibadilishi chochote, inasema tu ingebadilisha wapi. Mwisho wake hutoa hesabu ya kila seva: mambo mangapi yangebadilika, mangapi yameshindikana. Skripti fupi izichukue hesabu hizo na kuziandika kwenye faili linaloishia na .prom, ndani ya folda ambayo node_exporter imeambiwa iisome. Liandike kwanza kwa jina la muda, ndipo ulibadilishe jina. Ukiliandika moja kwa moja iko siku litasomwa likiwa nusu.

Ukishafika hapo, mchoro utakuambia kwamba seva ya mapokezi ina tofauti mbili tangu Jumatano. King'ora cha namna hii kisimwamshe mtu. Kiende kwenye kundi lenu la kazi asubuhi, ukae na kijana umuulize: hili la Jumatano ni dawa au ni kiraka? Likiwa dawa linaingia kwenye Ansible, kwa jina lake, apate sifa. Likiwa kiraka, mnajua sasa kuna ugonjwa ambao haujatibiwa. Utashangaa jinsi mtu anavyoanza kuripoti mwenyewe akijua kwamba asubuhi itaonekana, tena hagombezwi.

Angalizo moja: kazi zilizoandikwa kwa command au shell, Ansible huziruka inapokuwa kwenye --check. Kwa hiyo kama usanidi wenu umejaa amri za shell, mchoro utaonyesha sifuri na sifuri hiyo si ya kweli. Zibadilisheni ziwe moduli halisi, mkianza na zile za mapokezi.

Na uweke king'ora cha pili, ambacho wengi hukisahau: hesabu yenyewe ikikosa kuandikwa kwa saa 26, kilie. Usingoje kuambiwa kwamba kazi imeshindwa. Angalia mara ya mwisho ilipofaulu. Kampuni ya GitLab ililijua hili tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi alifuta folda ya hifadhidata kuu akidhani yuko kwenye seva nyingine, wakakimbilia bekapu, wakakuta hakuna. Programu ya bekapu iliyokuwa ikiendeshwa ilikuwa ya PostgreSQL 9.2 na hifadhidata yenyewe ni 9.6, kwa hiyo kila siku ilikuwa inakataa kazi. Barua pepe za kusema imeshindwa zilikuwa zinatumwa, ila hazikuwa na saini inayotakiwa na DMARC, kanuni ya kuthibitisha mtumaji, zikatupwa njiani. Ona vilivyokutana hapo: toleo lisilolingana, ambalo ni usanidi, na king'ora kisichofika, ambacho ni ufuatiliaji. Walipoteza data ya takriban saa sita, na hata hizo nyingine ziliokolewa na nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono kwa shughuli nyingine kabisa.

Na wakikuambia tofauti kwenye seva moja si neno, watajie Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani. Mwishoni mwa Julai 2012 programu mpya iliwekwa kwenye seva saba kati ya nane. Ile ya nane ilibaki na msimbo wa zamani, soko lilipofunguliwa tarehe 1 Agosti ikaanza kununua na kuuza hisa kama kichaa, na kwa dakika kama 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Kinachoniuma zaidi ni hiki: asubuhi ile, kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wao ulikuwa umetuma barua pepe 97 zilizotaja hitilafu hiyo. Zilifika. Hazikuwa zimepangwa kuwa ving'ora, hakuna aliyezishughulikia.

SWALI: Salaam mzee. Tuna programu ya kukatia tiketi za mabasi, seva ni za kukodi. Nataka king'ora kikilia, Alertmanager, msambaza ving'ora wa Prometheus, iite Ansible moja kwa moja irekebishe, mtu asiamke. Wenzangu wanasema natafuta balaa. Nani yuko sawa? – *Kijana wa Mtwapa*

JIBU: Wote, kila mtu nusu yake.

Kwanza, mengi unayotaka Ansible iyafanye, systemd, msimamizi wa programu ndani ya Linux, ilishayafanya. Programu ikianguka, Restart=on-failure itaiinua papo hapo, bila mtandao na bila ufunguo wa mtu. Tena ina busara: kwa kawaida ikiiwasha mara tano ndani ya sekunde kumi na bado inaanguka, huacha. Sambaza mpangilio huo kwa Ansible kwenye seva zote na utakuta ving'ora vya usiku vimepungua sana kabla hujajenga chochote.

Kinachobaki kigawe kwa swali hili: ikirekebishwa wakati haikuwa mbovu, hasara ni nini? Kurudisha faili la usanidi lililobadilika, kuomba tena cheti cha TLS, cha usalama wa tovuti, kinachokaribia kuisha, kuondoa seva moja ya wavuti kwenye mzunguko wakati zimebaki nyingine nne, hayo achia mashine. Hifadhidata, mtandao na diski iliyojaa, usiachie. Diski hasa. Kijana huandika kazi ya kufuta logi za zamani diski ikifika asilimia 90, inafanya kazi vizuri, king'ora hakilii tena. Na ile programu inayotapika makosa elfu kila dakika inaendelea kutapika, na kila usiku Ansible inafuta ushahidi.

Mfano mkubwa ni Facebook, tarehe 4 Oktoba 2021, ile siku WhatsApp ilipopotea kwa takriban saa sita na mji mzima ukarudi kwenye SMS. Amri ya matengenezo ilikata mtandao wao wa ndani unaounganisha vituo vya data. Seva zao za DNS, zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, zilikuwa na kanuni: ukiona huwezi kuzungumza na vituo vya data, jiondoe kwenye intaneti, maana yaelekea mgonjwa ni wewe. Kanuni nzuri kwa seva moja. Siku hiyo zote ziliona hivyo kwa pamoja, zote zikajiondoa.

Kwa hiyo weka mipaka kabla ya kuweka dawa. Mashine moja kwa wakati mmoja. Jaribio moja kwa saa, likishindwa aamshwe mtu. Na zikiugua nyingi kwa mpigo, tuseme theluthi, mfumo usifanye lolote, maana tatizo pengine haliko kwenye mashine hizo.

Kuna tego dogo kwenye Alertmanager ambalo litakupata kama hujalijua. Inapoita webhook, yaani anwani ya skripti yako, huita king'ora kinapolia na huita tena kinapotulia, hiyo ndiyo tabia yake usipoibadilisha. Skripti yako isiposoma kama hali ni firing (kinalia) au resolved (kimetulia), itarekebisha seva mara ya pili pale pale inapopona. Na king'ora kisipotulia, Alertmanager hukirudia kila baada ya saa nne. Hesabu hilo katika majaribio yako.

Kuhusu usalama sitasema mengi: hiyo webhook ni mlango unaoendesha amri kwa root kwenye seva zako zote. Isiwe wazi kwa intaneti, na ufunguo unaotumika uruhusu kazi hiyo moja tu.

SWALI: Mzee, kila tukisasisha seva usiku simu zinapata ving'ora hadi watu wamezoea kuvipuuza. Wengine wanazima kabisa. – *Mwenye usingizi, Kizingo*

JIBU: Mwenye kuzima simu hana kosa, umemfundisha wewe.

Ansible ndiyo inayojua ni seva gani inaguswa na lini, basi yenyewe ndiyo inyamazishe. Kazi ya kwanza kwenye faili la kusasisha iwe kuita amtool, amri ya Alertmanager, na kuweka ukimya kwa jina la seva hiyo moja, pamoja na maelezo ya nani na kwa nini. Muda uutaje mwenyewe, dakika ishirini kwa mfano; usipoutaja amtool huweka saa nzima. Uzuri wa ukimya wenye muda ni kwamba Ansible ikikatika katikati, ukimya unaisha wenyewe na king'ora kinarudi, na hapo unataka kirudi. Seva zisasishwe moja moja kwa mpangilio wa serial wa Ansible, na kabla ya kwenda ya pili Ansible iiulize Prometheus yenyewe kama ile ya kwanza imeamka. Usiwahi kunyamazisha zote kwa pamoja, hata kama ni usiku wa sikukuu.

SWALI: Shikamoo. Hospitali yetu ya binafsi iko Tudor. Umeme ukipotea, seva ya ufuatiliaji inazimika pamoja na zile inazozifuatilia, halafu ukirudi mashine zinawaka ovyo, programu kabla ya hifadhidata. Wakati wa kaskazi chumba chenyewe ni tanuri. Tuanzie wapi? – *Msimamizi wa zamu, Tudor*

JIBU: Marahaba. Mganga hajigangi, wahenga walishasema. Anza na joto, maana litakuua kimyakimya.

Umeme ukirudi, viyoyozi vingi vya ukutani havijiwashi vyenyewe; vinangoja mtu na rimoti. Seva zinajiwasha. Chumba kimefungwa, saa ni tisa usiku, na kaskazi ya Februari haina huruma hata nje. node_exporter husoma vipimajoto vilivyomo ndani ya mashine, kwa hiyo vipimo unavyo tayari. Usitegee nyuzi tu, tegea mwendo: joto likipanda nyuzi tano ndani ya dakika kumi kwenye mashine zote za chumba kimoja, kiyoyozi kimezimika, na unazo dakika za kumpigia mlinzi aende na rimoti. Namba zenyewe zipime chumbani mwako kwanza kwa wiki moja.

Kuzimika kwa mpango ni kazi ya NUT, programu inayozungumza na UPS. Ansible isambaze mpangilio mmoja kwa seva zote: ile iliyounganishwa kwa waya na UPS ndiyo kuu, nyingine zinaisikiliza na kuzimika kabla yake. Hifadhidata ingoje programu zizimike, na wakati wa kuwaka programu zingoje hifadhidata ijibu, si ngoja ya sekunde sitini mliyobuni kichwani. Halafu mchana kweupe, wakubwa wakiwa na habari, chomoeni UPS ukutani muone. Msipochomoa ninyi, watachomoa wenye umeme kwa saa waitakayo wao. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilipokaa gizani, nilijua ofisi ambazo hazijafanya jaribio kwa kuhesabu simu nilizopigiwa.

Jicho la tatu liwe nje ya jengo. Prometheus yenu iwe na king'ora kimoja kinacholia daima, saa zote, kikipelekwa kwa huduma ya nje ambayo kazi yake ni kupiga simu pale kinapoacha kufika. Umeme ukienda, kimya chenyewe ndicho kinachowaamsha.

Mkiweza, mchunguzi wa nje awe pawili: seva ndogo ya kukodi Nairobi na nyingine Ulaya, zote zimesanidiwa na Ansible ile ile, zinaulizia ukurasa ule ule. Sisi Mombasa ndipo kebo za chini ya bahari zinapotua, TEAMS, SEACOM, EASSy na LION2, na bado hatujapona. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini na intaneti ya Afrika Mashariki yote ikaanza kukokota. Siku kama hiyo mchunguzi wa Ulaya atasema hospitali imekufa na wa Nairobi atasema iko hai. Hapo mnajua msiwashe upya kitu chochote.

SWALI: Mwalimu, niko chuo kimoja Tononoka. Tunatumia Nagios kufuatilia na Puppet kusanidi tangu zamani. Vijana wananicheka, ati nihamie vitu vya kisasa. – *Mkongwe mwenzako*

JIBU: Waache wacheke. Nagios ilitoka 1999 ikiitwa NetSaint, Puppet ni ya 2005, na mbili hizo ziliunganishwa vizuri zamani sana kabla ya hao wanaocheka kuanza kazi. Kila seva inatangaza vipimo vyake yenyewe kupitia Puppet, PuppetDB inavitunza, na seva ya Nagios inavikusanya na kuandika mafaili. Ni orodha moja ile ile niliyomwambia wa Moi Avenue, ila inaanzia kwenye seva zenyewe. Jua tu kwamba tangu Puppet 6 aina za Nagios zilitolewa kwenye kiini na kuwa moduli ya kuongeza, usije ukasasisha ukashangaa.

Seva mkizistaafisha, ziondoeni kwa puppet node deactivate. Bila hivyo Nagios itaendelea kulilia mashine mliyoiuza. Na wekeni nagios -v mbele ya kila kuwasha upya, maana kosa moja la mabano linaangusha ufuatiliaji mzima.

Wakilalamika kwamba seva mpya inachelewa kuonekana, waeleze hesabu: Puppet hupita kila baada ya dakika 30. Seva mpya ijitangaze kwanza katika mzunguko wake, kisha mzunguko wa seva ya Nagios uje kuichukua. Kwa hiyo inaweza kufika saa nzima. Mwenye haraka aendeshe puppet agent -t kwenye seva mpya, kisha kwenye ya Nagios, kwa mpangilio huo. Akianza na ya Nagios atakuwa amerudi kwenye foleni.